Mafuta ya nazi hayaiimarishi kondomu

Kwenye hosteli za wanafunzi wa vyuo Mtwara na Lindi, wapo wanaoamini kwamba kondomu ikipakwa mafuta ya nazi haichaniki. Wazo lina mantiki: ukavu huleta msuguano, na msuguano huchana mpira. Kilainishi husaidia kweli, ila si kila kilainishi.

Kondomu nyingi ni za lateksi, yaani mpira wa asili. Mafuta, yawe ya nazi, ya ufuta au ya kujipaka, huilegeza lateksi kwa dakika chache. Kwa macho huoni kitu. Inapasuka ikiwa kazini. Kinachofaa ni kilainishi cha maji au cha silikoni, matone machache kwa nje.

Unataka kuhakikisha? Puliza maputo mawili ya lateksi yalingane, moja lisugue mafuta ya nazi, jingine maji, usubiri uone lipi litatangulia kupasuka. Kisha soma maelezo ya pakiti yako, uangalie tarehe, uibonyeze: isiyo na hewa ndani, tupa.

Ikipasuka, wahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kwisha, ukaulizie dawa za kujikinga na VVU na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi.