Mpira ukiingia fiti kwenye boksi, haujalijaza

Watu wengi wanaamini mpira ukigusa kuta zote za boksi basi umeshalijaza, labda zimebaki kona kidogo tu. Hapana jamani. Chukua mpira wa miguu saizi 5, kipenyo chake sm 22 hivi, uweke kwenye boksi la sm 22 kila upande: boksi lina lita 10.6, mpira lita 5.6. Kama huamini mimina mchele kwenye zile kona nane, utaingia lita 5 nzima! Na saizi haibadilishi kitu, hata golori kwenye kiboksi chake inachukua asilimia 52 tu, maana ujazo wa tufe (yaani umbo la mpira) ni 4/3 × pai (3.14) × nusukipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu.

Hiyo mara tatu ndo inayowaliza watu sokoni. Unaona tikiti mbili, moja sm 20 nyingine sm 25, dogo elfu mbili kubwa elfu tatu, mtu anasema aah hili limezidi robo tu, ananiuzia ghali, anabeba dogo. Kumbe dogo lina lita 4.2 na kubwa lita 8.2, karibu mara mbili, na bado hujatoa ganda, likiwa la sm 1.5 kwa yote mawili basi ile nyama nyekundu ya kubwa inazidi hata mara mbili. Mimi naenda na kamba, nazungusha tumboni kwa tikiti, napima, nagawa kwa 3.14 napata kipenyo. Kamba ya sm 63 ni lile la 20, ya sm 79 ni lile la 25.

Wengine wanasema machungwa madogo yanajaa vizuri zaidi kwenye boksi. Nayo siyo. Boksi la sm 20 kila upande linaingia tufe 1 la sm 20, au 8 za sm 10, au 64 za sm 5, ukizipanga kwa mistari iliyonyooka zote zinachukua asilimia ileile 52. Kinachobadilisha ni mpangilio: ukizimwaga nyingi kwenye boksi kubwa ukalitikisa zinafika kama asilimia 64, na ukizipanga kila moja ikalie shimo kati ya zilizo chini yake, kama machungwa yanavyopangwa mezani sokoni, unafika asilimia 74. Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, alisema mwaka 1611 kwamba hakuna mpangilio unaopita huo, ila uthibitisho wa mwanahisabati Mmarekani Thomas Hales ulikuja 1998.