Rungu la Mkiani Halitoshi Kumtambua Gomphidae

Ikiwekwa picha ya kereng'ende aliyenenepa mkiani, jibu la kwanza huwa lile lile: "Huyo mkia-rungu, Gomphidae," yaani wa familia ya Gomphidae. Nimelisoma mara nyingi mno, na linanikera kwa sababu hata linapokuwa sahihi limefikiwa kwa njia mbovu. Rungu, yaani huo unene wa mkiani, ni sifa dhaifu. Tuache kuanza nalo.

Unene wenyewe uko kwenye pingili ya 7 hadi ya 9 za tumbo. Kwa madume wa spishi nyingi unaonekana wazi. Kwa majike huwa hafifu au haupo kabisa. Tena haufanani kwa Gomphidae wote. Ictinogomphus ferox ana vibapa vinavyochomoza pande zote mbili za pingili ya 8, mithili ya majani. Paragomphus wana vibapa kwenye pingili ya 8 na ya 9, na viambatisho vya mkiani vya dume (vijisehemu vinavyochomoza kwenye ncha ya tumbo) vimepinda kuelekea chini. Kwa upande mwingine, dume wa Macromia ana rungu lililo wazi kuliko Gomphidae wengi, ilhali ni wa familia ya Macromiidae. Brechmorhoga wa Amerika nao wamenenepa mkiani, na hao ni wa familia ya Libellulidae. Halafu kuna pembe ya kamera: rungu hutanuka zaidi kwenda kando, kwa hiyo picha ya ubavuni huweza kulificha.

Anza na kichwa. Mtazame kutoka juu. Macho ya Gomphidae hayagusani. Kati yake kuna nafasi pana inayoonekana bila lenzi. Macho ya familia ya Aeshnidae yameungana kwa mstari mrefu utosini, na ya Libellulidae na Macromiidae pia yamekutana. Wanaosumbua ni familia ya Cordulegastridae, maana macho yao hugusana kwenye nukta moja tu, au hukaribia kugusana. Nukta hiyo ni ndogo, na picha iliyopigwa mbele kwa mbele haiionyeshi. Ndiyo maana nasisitiza picha ya kutoka juu. Ukiletewa ya mbele peke yake, usitoe hukumu.

Ila macho pekee hayafungi kesi, na hapa hata waandishi wa miongozo hukimbia haraka. Familia ya Petaluridae nao macho yao yameachana. Hao ni spishi chache tu, kama 11 hivi, wanaopatikana Australia, New Zealand, Chile, Japani na Amerika Kaskazini. Ukiwa katika maeneo hayo, angalia doa la karibu na ncha ya bawa: la Petaluridae ni refu na jembamba mno. Jike wao pia ana kifaa kamili cha kutagia. Jike wa Gomphidae hana. Ana kibamba kifupi tu chini ya tumbo, na hutaga kwa kugusisha ncha ya tumbo majini. Wale kereng'ende wembamba wa kundi la Zygoptera nao wana macho yaliyoachana, lakini mabawa yao ya mbele na ya nyuma yanafanana umbo, kwa hiyo hawapaswi kukuchanganya.

Mabawa nitayapitia upesi. Pembetatu (kijichumba cha pembe tatu kati ya mishipa ya bawa) ya bawa la mbele na ile ya bawa la nyuma zinafanana umbo kwa Gomphidae. Kwa Libellulidae zinatofautiana. Sifa hiyo inawaondoa Libellulidae, lakini haiwaondoi Aeshnidae, ambao pembetatu zao nazo zinafanana. Hao umeshawaondoa kwa macho. Sifa mbili zikisomwa pamoja zinafanya kazi ambayo rungu haliwezi.

Kuingia kwenye spishi ni kazi nyingine. Mistari ya njano, kijani na nyeusi kifuani inasaidia, lakini hurudiwa mno kutoka spishi moja hadi nyingine. Kinachoamua kwa dume ni viambatisho vya ncha ya tumbo: viwili vya juu, na kimoja cha chini ambacho kwa Gomphidae kwa kawaida kimegawanyika matawi mawili. Vipige picha kutoka juu na kutoka ubavuni, lenzi ikiwa sambamba na tumbo. Kwa jike, piga kile kibamba kutoka chini. Ukihesabu pingili, anzia nyuma: ile inayobeba viambatisho ni ya 10. Wanaoanzia mbele huisahau ya kwanza, ambayo ni fupi na imejificha chini ya mabawa, kisha kila kitu kinasogea pingili moja.

Lava, yaani kereng'ende mchanga aishiye majini, kwa kweli ni rahisi kumtambua kuliko mkubwa. Wengi hujifukia kwenye mchanga au tope. Vipapasio vina pingili 4, ya tatu ikiwa kubwa na ya nne kijinundu tu. Nyayo za miguu ya mbele na ya kati zina pingili 2, za nyuma 3. Mdomo wa chini ni bapa, si wa kijiko kama wa Libellulidae. Lava wa Neurogomphus ana pingili ya 10 iliyorefuka kuwa bomba la kupumulia akiwa amejifukia. Magamba ambayo lava huyavua na kuyaacha ukingoni mwa mto yana sifa zote hizi. Yaloweshe kwanza kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuukunjua mdomo, la sivyo utavunjika.

Kuhusu uainishaji, familia ina spishi zipatazo 1,000, na mipaka ya ndani bado inasogezwa. Mwaka 2017 spishi za Amerika Kaskazini zilizokuwa ndani ya Gomphus ziligawanywa katika jenasi kama Phanogomphus na Gomphurus, kwa hiyo vitabu vya zamani na orodha mpya havilingani. Nusufamilia zenyewe wataalamu hawazihesabu sawa. Uhusiano wa Gomphidae na Petaluridae pia haujatulia: uchambuzi mmoja huwaweka karibu, mwingine huwatenganisha. Vitabu vya kufundishia huchora mti mmoja nadhifu wa ukoo na kunyamaza.

Kwa hiyo unapoandika lebo, ukiwa na macho na pembetatu pekee, andika "Gomphidae" na uishie hapo. Hiyo ni rekodi halali. Jina la spishi lingoje picha ya viambatisho.