Presha ya reli ikishuka, sensa si mshitakiwa wa kwanza

Msimu wa korosho ukikolea, pikapu za dizeli hupanda na kushuka Newala, Tandahimba na Masasi zikiwa na mizigo, na ndipo zile za mfumo wa reli ya mafuta (common rail, yaani bomba moja lenye dizeli ya presha kubwa linalolisha nozeli zote) zinapoanza kukosa nguvu mlimani. Nyingi hununuliwa vifaa visivyohusika, kwa imani hizi.

"Mashine ya kusomea hitilafu imetaja presha ya reli, basi sensa imekufa."

Hii ndiyo imani inayomaliza pesa za watu. Msimbo P0087 maana yake presha iliyomo relini ni ndogo kuliko ile inayotakiwa na kontroli boksi (kompyuta ya injini). Sensa imepeleka taarifa, na mara nyingi taarifa hiyo ni ya kweli. Misimbo ya sensa yenyewe na waya zake ni P0190 hadi P0193. Kwa P0087, anzia mafuta yanakotoka: filta iliyoziba, kisha mpira unaovuta hewa kati ya tangi na pampu, kisha nozeli zinazorudisha mafuta kupita kiasi. Nozeli hupimwa kwa kuelekeza marejesho ya kila moja kwenye kichupa chake, vichupa vyote vya ukubwa mmoja, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) kwa dakika chache. Kichupa kinachowaacha wenzake mbali kinakuonyesha nozeli iliyochoka.

Ukishuku sensa, ipime. Nyingi zina waya 3: volti 5, ethi na ishara. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, ishara husoma karibu volti 0.5 hadi 1, kutegemea mtengenezaji, na hupanda presha ikipanda. Ikisoma 0 au 5 kamili, fungua soketi kwanza. Kuanzia Kilwa hadi Mikindani hewa ya bahari ina chumvi, na pini huota kutu ya kijani.

"Valvu ya pampu ina omu sahihi, kwa hiyo ni nzima."

Valvu hii hudhibiti kiasi cha dizeli kinachoingia kwenye pampu ya presha. Kwenye Hilux za injini 1KD na 2KD, koili yake ikiwa baridi husoma karibu omu 2. Lakini omu (ukinzani wa umeme) zinapima koili tu. Kipistoni cha ndani kinaweza kunata huku koili ikiwa salama. Dalili ya kunata ni sailensa kupanda na kushuka, au injini kuzima ukiachia pedeli ya mafuta. Kuiosha kunaweza kusaidia siku chache, ila kipistoni kilichokwaruzika hakiponi. Kabla ya kuifungua osha pampu kwa nje, maana punje moja ya mchanga inatosha kuharibu valvu mpya. Paka oringi dizeli safi, kaza bolti zote mbili kwa zamu, badilisha na filta siku hiyohiyo. Baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa valvu mpya kwa mashine.

"Chomoa soketi ya valvu, injini ikibadilika, umepata ugonjwa."

Hapana. Zipo valvu zinazokaa wazi bila umeme na zipo zinazojifunga, hivyo injini itabadilika hata valvu ikiwa nzima.

"Legeza paipu ya nozeli ujue silinda ipi haichomi."

Kwenye pampu za zamani ilikuwa desturi. Kwenye reli usithubutu injini ikiwaka: sailensa peke yake ni karibu baa 300, na mzigo ukizidi mifumo mingi hupita 1,600. Mchirizi huo hutoboa ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano, lakini dizeli imeshaingia ndani na inaua nyama. Mtu akipatwa, mpelekeni hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) saa hiyohiyo, msisubiri avimbe. Silinda zizimwe moja moja kwa mashine.

"Dizeli ya dumu ikichujwa kwa kitambaa ni safi."

Kitambaa huzuia mchanga, maji yanapita. Pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakiingia, chuma hukauka na kuota kutu, na chembe za kutu hiyo ndizo zinazonatisha valvu. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina taratibu, na vidole kadhaa vya chini usivitie kwenye tangi. Kisha legeza skrubu iliyo chini ya filta, bonyeza pampu ya mkono hadi maji yaishe na itoke dizeli tupu, ndipo ukaze.