Delhi na kiu yake

Waongoza watalii wa Delhi hupenda kusema mji wao umejengwa mara saba. Wengine husema nane, na wapo wanaozidisha. Hesabu hiyo hainishughulishi. Mimi kazi yangu ni jiografia ya miji, na kinachonivuta ni njia waliyoipita wafalme: kila aliyetaka mji wake alihama kidogo, na ukiwafuata kwenye ramani unaona wametoka kwenye mawe ya kusini wakateremka hadi ukingoni mwa mto. Fahari ilikuwepo, na vita pia. Ila jambo lililowasumbua wote ni maji.

Tuanze na ardhi yenyewe. Safu ya milima ya Aravalli inatoka Gujarat ikielekea kaskazini-mashariki kwa takriban kilomita 700, inazidi kuwa fupi kadiri inavyosonga, mpaka inaishia ndani ya Delhi, karibu na Wazirabad, pale inapougusa mto Yamuna. Mkia huo ni kilima kirefu cha mawe magumu, vichaka vya miiba na kima wengi. Magharibi na kusini kilima, mashariki mto, katikati pembetatu ya ardhi, na karibu Delhi zote za kale zimo humo. Kilima kilitoa mawe ya kujengea na kinga dhidi ya adui. Maji hakikuwa nayo, isipokuwa ya mvua, na mvua ya huko haina subira: kusi, upepo uleule uliokuwa ukivusha majahazi kutoka pwani yetu, humwaga sehemu kubwa ya maji ya mwaka mzima kati ya Julai na Septemba. Baada ya hapo ni ukame hadi mwaka ujao.

Masultani wa kwanza walikaa juu ya mawe hayo, Mehrauli, palipo na mnara wa Qutb Minar. Iltutmish, aliyetawala 1211 hadi 1236, akachimba hodhi kubwa la kukinga mvua, Hauz-i-Shamsi. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alikuwa Mombasa na Kilwa, alifika Delhi miaka michache baadaye, Sultani Muhammad bin Tughluq akampa ukadhi. Anaeleza kwamba wenyeji walikunywa maji ya hodhi hilo, na kwamba katikati yake palikuwa na jengo la mawe la ghorofa mbili. Hodhi likijaa, hufiki huko ila kwa mashua. Likipungua, watu wanakwenda kwa miguu. Na kingo zinapokauka, anasema, hupandwa miwa, matango na matikiti.

Hiyo miwa ndiyo inayonifurahisha kuliko mnara. Mkulima wa mlau kule Rufiji angeielewa bila kufafanuliwa: maji yakirudi nyuma, unapanda kwenye tope kabla halijakauka. Maana yake watu wa Mehrauli walijua vizuri maji yao yanarudi lini na yanafika wapi. Mji ulikuwa unaishi kwa kalenda ya hodhi.

Waliofuata waliendelea vivyo hivyo. Sultani Alauddin Khalji alijenga mji wa Siri, akachimba hodhi lake, linaloitwa leo Hauz Khas. Kisha akaja Ghiyasuddin Tughluq, aliyeanza mwaka 1321 kujenga Tughlaqabad, ngome ya kutisha juu ya mwamba mtupu. Haikukaliwa muda mrefu. Masimulizi yanasema Sultani aliwakusanya mafundi wote kwa ajili ya ngome yake, nao wakawa wanamchimbia Sheikh Nizamuddin Auliya, walii wa Kisufi, kisima cha ngazi usiku. Sultani akapiga marufuku Sheikh kuuziwa mafuta ya kuwashia taa, maji ya kisima yakawaka badala ya mafuta, na Sheikh akailaani ngome ibaki ukiwa au wakae wachunga mifugo. Sina haja ya kuthibitisha karama. Lakini nenda kaone: kisima cha Nizamuddin, kwenye ardhi ya chini karibu na mto, kina maji mpaka leo. Ngome juu ya mwamba ni magofu.

Firuz Shah Tughluq, kwa maoni yangu, ndiye aliyeelewa zaidi. Katika kumbukumbu zake analalamika kwamba watu wasio na haya walikuwa wameziba njia za maji zinazoingia Hauz-i-Shamsi. Hodhi la Alauddin ndilo lilikuwa limefukiwa kabisa: watu walilima ndani yake, wakachimba visima humohumo na kuuza maji. (Biashara ya maji ya madumu haikuanzia mitaani kwetu.) Akazibua na kuchimbua upya, lakini mji wake mpya, Firozabad wa 1354, akauweka ukingoni mwa Yamuna, na juu ya hayo akachimba mfereji.

Shah Jahan, mfalme wa Mughal, alifanya hivyohivyo kuanzia 1639. Ngome Nyekundu, kasri lake, ilikuwa imepakana na mto, na bado akaleta maji kwa mfereji kutoka mbali. Si ubadhirifu. Mto uko chini kuliko mji, na maji hayapandi yenyewe. Ukiyachota juu sana mtoni, yanateremka kwa mvuto wake hadi ndani ya kasri na katikati ya barabara ya Chandni Chowk. Mfereji huo wa Chandni Chowk leo haupo tena.

Waingereza nao walikosea kwanza. Desemba 1911 mfalme wao, George wa Tano, alitangaza kwamba makao makuu ya India yanahamia Delhi, akaweka mawe ya msingi kaskazini. Wataalamu wakakagua, wakaona ni bondeni na panafurika. Mawe yakahamishiwa kusini, kwenye kilima cha Raisina, na New Delhi ikazinduliwa 1931.

Mto wenyewe ulikwisha kujisogeza mashariki, ukaiacha Ngome Nyekundu, na barabara kuu ikapita palipokuwa maji. Julai 2023 Yamuna ulipanda hadi mita 208.66 juu ya usawa wa bahari, ukaipita rekodi ya 1978, na maji yakafika kwenye kuta za Ngome. Magazeti yaliandika kwamba mto umevamia barabara. Ramani za zamani zinaonyesha nani alimvamia mwenzake. Na kati ya Wazirabad na Okhla, kipande cha kilomita 22 tu, chini ya asilimia 2 ya urefu wote wa mto, ndipo unapobeba sehemu kubwa kabisa ya uchafu wake.

Ukipata siku moja Delhi, panda metro ya mstari wa njano kuanzia Qutab Minar. Itapita Hauz Khas, itapita chini ya ofisi za serikali karibu na Raisina, mpaka Chandni Chowk. Shukia hapo, na ule paratha kabla ya kwenda Ngomeni.