Upungufu wa metali katika nyota na msako wa sayari ndogo

Wanafalaki wana desturi inayomshangaza mwanakemia: kila elementi iliyo nzito kuliko hidrojeni na heliamu wao huiita metali, hata oksijeni tunayoivuta na kaboni iliyomo katika mkaa. Kwa hiyo, nyota yenye upungufu wa metali ni ile ambayo elementi hizo, ambazo katika Jua letu zenyewe hazizidi sana asilimia 1 ya tungamo lote, ni chache zaidi. Kipimo kilichozoeleka ni chuma: Jua hupewa 0, na nyota yenye sehemu moja ya kumi ya chuma cha Jua hupewa -1.

Nyota na sayari zake huzaliwa katika wingu moja, na vumbi linaloshikamana hadi kuwa kiini cha sayari ni zao la elementi nzito. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imeonekana kwamba sayari kubwa za gesi, mfano wa Mshtarii, hupatikana zaidi kwenye nyota zenye metali nyingi. Ili kiwe sayari kubwa ya gesi, kiini hakina budi kufikia takriban mara 10 ya tungamo la Dunia kabla gesi inayoizunguka nyota changa haijatawanyika, na gesi hiyo hudumu miaka milioni chache tu. Penye vumbi haba, kiini huchelewa. Hata hivyo, kilichochelewa hakikutoweka, bali huweza kubaki sayari ndogo, na hicho ndicho kinachosakwa.

Msako wenyewe una kikwazo ambacho kwa maoni yangu hakisemwi vya kutosha. Kifaa cha HARPS, kilichofungwa mwaka 2003 kwenye darubini ya mita 3.6 huko La Silla, Chile, hupima jinsi nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari yake. Mshtarii huliyumbisha Jua kwa mita 12.5 hivi kwa sekunde, ilhali Dunia ni sentimita 9 tu. Kuyumba huko husomwa katika mistari myeusi ya spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, na mingi ya mistari hiyo hutokana na chuma. Nyota yenye chuma kidogo ina mistari michache tena hafifu, mithili ya rula iliyofutika alama, na sayari nyepesi ndiyo inayodai rula iliyo kamili.

Pamoja na hayo, mwaka 2016 ilitangazwa sayari yenye takriban mara 9 ya tungamo la Dunia, inayoizunguka nyota HD 175607 kwa siku 29, na nyota hiyo ina kama robo tu ya chuma cha Jua. Mwaka uliotangulia, kwa takwimu za darubini ya Kepler, ambayo hadi mwaka 2018 ilikuwa ikinasa kufifia kwa nyota sayari ikipita mbele yake, ilielezwa Kepler-444, nyota ya miaka bilioni 11 hivi yenye sayari tano, zote ndogo kuliko Dunia.

Kepler-444 inafichua pia udhaifu wa kipimo chetu. Chuma chake ni kidogo, lakini ikilinganishwa na chuma hicho, magnesi na silikoni, ambazo ndizo hasa hufanya miamba, zimo kwa wingi kuliko ilivyo katika Jua. Nyota ikihesabiwa kwa chuma peke yake huonekana maskini kuliko ilivyo.