Probiotiki za spora: maswali ya kujiuliza kabla ya kumeza

Spora ni nini hasa?

Probiotiki ni bakteria hai wanaomezwa ili kulisaidia tumbo; spora ni bakteria hai aliyelala. Baadhi ya bakteria, hasa wa jamii ya Bacillus, mazingira yakiwa magumu hujifungia ndani ya ganda na kungoja. Ganda hilo huwavusha salama kwenye asidi ya tumbo, ambayo huua bakteria wengi wengine, na wakifika kwenye utumbo huamka. Ndiyo sababu probiotiki nyingi za aina hii hazihitaji friji. Kwenye pakiti tafuta jina kamili: Bacillus coagulans, Bacillus subtilis au Bacillus clausii. Pakiti isiyotaja jina iache dukani, kwa sababu ndani ya jamii hiyohiyo yumo Bacillus cereus, anayesababisha sumu ya chakula.

Zinatibu matatizo ya tumbo?

Huwapa nafuu baadhi ya watu wenye gesi, tumbo kujaa au kuharisha. Lakini faida iliyoonekana kwa aina moja ya bakteria haithibitishi nyingine, hata kama pakiti zinafanana. Anayekuahidi kuponya kila ugonjwa wa tumbo anakudanganya.

Nianzeje?

Anza na dozi ndogo kabisa iliyoandikwa kwenye maelezo. Siku za mwanzo gesi inaweza kuongezeka, na mara nyingi hupungua yenyewe. Ukiona vipele, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida, acha mara moja na uende hospitali. Kama unatumia antibiotiki, acha saa mbili au zaidi kati yake na probiotiki, maana bakteria aliyeamka anaweza kuuawa nayo.

Na vile vichupa vya probiotiki ya maji, vinavyofanana na dawa ya sindano?

Hivyo ni vya kunywa tu. Nalisisitiza hili kwa sababu umbo lake linapotosha: kumchoma mtu bakteria hai mwilini kunaweza kumuua. Anayemhudumia mgonjwa nyumbani aelezwe waziwazi.

Nani asitumie bila daktari?

Watoto njiti kwanza. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu kuwapa probiotiki, baada ya kifo cha mtoto mmoja. Wengine ni wanaotibiwa saratani kwa kemotherapi, waliopandikizwa kiungo, walio mahututi, na wenye mpira wa dawa uliowekwa kwenye mshipa mkubwa wa damu. Kwa hawa, bakteria asiyemdhuru mtu mwenye afya anaweza kuingia kwenye damu, na ugumu wa spora hugeuka hatari. Usifungue pakiti karibu na mgonjwa mwenye mpira huo. Ukishaifungua, nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, kwani kitakasa mikono chenye spiriti hakiui spora.

Lini niache kujitibu?

Choo chenye damu, homa, kutapika kusikokoma, kupungua uzito bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku: hayo ni ya kupimwa. Na mtoto anayeharisha anahitaji kwanza maji ya ORS na zinki, pamoja na kuendelea kunyonya. Macho yakiingia ndani, akilegea au akikosa mkojo, mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo.