Kwa Nini Mchoraji wa Kisumu Huipaka Milima ya Nandi Rangi ya Samawati?

Ukisimama Kisumu ukatazama mashariki, ng'ambo ya nyanda za Kano, utaona Milima ya Nandi imekaa samawati. Sote tunajua kule kuna miti, vichaka na mashamba. Mbona basi mchoraji asiipake kijani?

Ni kwa sababu anafuata jicho. Kati yake na milima pana kilomita nyingi za hewa, na hewa hutawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu. Kadiri umbali unavyozidi ndivyo samawati hiyo inavyoifunika kijani. Leonardo da Vinci aliliandika jambo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita, lakini anayetoka nje kila asubuhi hulijua hata bila kusoma. Hujua pia kwamba halikai vilevile: mvua ya usiku ikishaosha vumbi na moshi, milima huonekana kusogea karibu, mikunjo yake ukaweza kuihesabu. Kiangazi kikikolea, inabaki ukungu wa kijivu tu.

Jua letu nalo lina tabia zake. Kisumu iko kama kilomita 10 tu kusini mwa ikweta, ile ikweta inayopita Maseno. Mwezi wa Machi na Septemba, saa sita mchana, kivuli hujikunja chini ya miguu. Kwa hiyo mchoro wa soko la Kibuye adhuhuri wenye vivuli virefu umechorwa na mtu aliyejifungia chumbani. Jioni jua hutumbukia moja kwa moja, na nusu saa baadaye giza limeingia. Huna muda wa kuchanganya rangi taratibu! Ndiyo maana wengi wetu hutembea na daftari na penseli, tukaandika majina ya rangi pembeni mwa mistari: hapa chungwa, hapa zambarau ya biringanya.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni mafunjo, ile mimea mirefu inayoota majini kandokando ya ziwa. Kwa miaka mingi niliyachora mashina yake mviringo kama bomba. Siku moja pale ufuo wa Dunga nililishika shina moja nikalizungusha vidoleni. Lina pembe tatu! Tangu siku hiyo kila shina ninalolichora lina upande unaopokea jua na upande uliobaki gizani, na kichaka changu cha mafunjo kimeanza kusimama majini.